Maji Yaliyopita Kwenye Taa

Gogo lilizuka mbele yao ghafla, na kabla Shemeji hajakata kona, boti ilipasuka ubavuni kama boga. Injini ikazama. Chakula, mafuta, kiberiti, vyote vikabebwa na mafuriko. Fundi aliogelea hadi kwenye kilima kidogo kilichobaki juu ya maji katikati ya msitu, mkononi kang'ang'ania sanduku la taa ya kusafishia maji aliyokuwa akiipeleka zahanati.

"Mume wa dada yako anazama, wewe unaokoa taa!" Shemeji alifoka huku akitema maji. Kisha akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka hata pasipochekesha.

Maji yalikuwa kila upande, lakini ya kunywa hayakuwepo: tope tupu, mizoga, na uchafu wa vyoo vilivyosombwa huko juu. Mvua ilikuwa imekata, jua halionekani, na kuni zote zimelowa chepechepe. Vitu vilivyoelea hadi kilimani vilikuwa ndoo na dumu tupu tu. Kiu ilipowabana hasa, Fundi aliwasha taa kwa betri yake na kuitumbukiza kwenye ndoo waliyoijaza maji ya mafuriko. Mionzi yake ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, huvilemaza vijidudu, visiweze kuzaana tena tumboni.

"Tayari?" Shemeji aliuliza.

"Wapi! Tope linakinga mwanga. Vijidudu vinajibanza nyuma ya chembe. Tuteke mengine kwenye dumu, yatulie, tuyachuje kwa shati lako."

"Shati langu? Loo, hiyo si ndiyo sumu yenyewe!"

Ya dumu yalitoka maangavu. Taa ikayamulika yote, kisha betri ikafa.

"Tutagawana haya," Fundi alisema. "Ile ndoo usiiguse."

"Nimesikia, bosi."

Kila zamu yake ilipofika, Shemeji aligeuka pembeni na dumu, akainua kichwa, akajifuta midomo. Fundi aliona maji hayapungui upesi, akamshukuru Mungu.

Kisha Shemeji akaanza kuharisha na kutapika, mpaka macho yakaingia ndani. Fundi akaitazama ndoo. Ilikuwa karibu tupu.

"Umekunywa haya?"

"Si yalipita kwenye taa?" Alijaribu kucheka, akashindwa. "Usinitolee macho. Ningemwambia nini mke wangu, kwamba nimemmalizia mdogo wake maji?"

Fundi alilia kwa sauti. Alimnywesha ya dumu kidogo kidogo, na yote yakarudi. Mtumbwi wa waokoaji ulipopenya kati ya miti, Shemeji alikuwa ameshakata roho na kupoa mikononi mwake, na kwenye dumu maji yalikuwa yamebaki.

Fundi alikataa kuyamwaga. Alilibeba dumu hadi nyumbani kwa dada yake, akaliweka mezani na kusimulia kila kitu, bila kujitetea.

Dada mtu alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kikombe cha mumewe, akakijaza, akanywa yote bila kupumua.

"Hayana hata ladha," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia.