Meza Iliyoziba Njia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanasiti alimsaidia mamake, Bi Subira, kupanga meza ya mahamri na mbaazi kando ya barabara ya Ukunda iendayo Diani.

"Iegemeze ukutani, mwanangu," mama alizoea kumwagiza. "Hapo mbele ni njia ya waendao kwa miguu."

Siku moja mama alibaki nyumbani akimalizia kukaanga. Mwanasiti alipoona wateja wanampita, aliivuta meza hadi katikati ya njia, akaongeza na benchi. Watu wakaanza kusimama, naye akafurahi.

Punde akafika Mwinga, mwanafunzi mwenzake aliyetumia kiti cha magurudumu.

"Nipishe kidogo, Mwanasiti."

"Si ushuke hapo barabarani? Nina wateja."

Mwinga alikigeuza kiti, akashuka. Tuktuk iliyokuwa ikija nyuma yake ilifunga breki, ikamkwepa. Lakini gurudumu la kiti lilinasa kwenye ukingo wa lami, Mwinga akaanguka. Kiwiko kilichubuka, vitabu vikatawanyika.

Watu walimwinua, kisha wakamzonga dereva, kijana aitwaye Amin.

"Nyinyi wa tuktuk hamna macho," mmoja alimwambia.

"Wallahi sikuwa na mbio," Amin alisema. Hakuna aliyemsikiliza.

Mwanasiti alisimama na upawa mkononi. Mwinga alimtazama mara moja tu, kisha akainamisha macho kana kwamba mkosaji ni yeye. Hapo Mwanasiti akahisi uso unawaka kwa haya. Mama naye alikuwa ameshafika na beseni lake la mahamri, akiuliza kuna nini.

"Mwacheni kaka Amin," Mwanasiti akasema. "Ni mimi niliyeziba njia. Nami ndiye niliyemwambia Mwinga ashuke."

Mteja aliyekuwa amekalia benchi aliinuka taratibu, bakuli mkononi.

Bi Subira hakumkemea bintiye mbele za watu. Alimwosha Mwinga jeraha, akamwomba Amin radhi, kisha akairudisha meza ukutani. Mwanasiti alimwendea Mwinga bila kuthubutu kumtazama.

"Niwie radhi."

"Nimekusamehe," Mwinga alisema. "Lakini si wewe peke yako. Leo meza, jana pikipiki, juzi rundo la mchanga. Kila siku nashuka."

Maneno hayo yalimwingia Bi Subira. Jumamosi aliwakusanya wachuuzi wenzake. Mwinga akawaonyesha nafasi anayohitaji ili apite na kugeuka, na Mwanasiti, angali na haya, akapiga magoti akachora mstari mweupe ambao meza yoyote isingeuvuka. Palipokuwa na ukingo mrefu, mafundi wa mtaa wakamimina zege la mteremko.

Walipomaliza, mama alimshika Mwanasiti bega.

"Barabara ni ya mwenye gari, mwenye baiskeli, mwenye miguu na asiyeweza kusimama. Ukijinyakulia nafasi ya mwenzako, umemsukuma kwenye hatari. Haya uliyoiona ni njema, mwanangu, kwa kuwa imekufanya useme kweli na kutengeneza ulichoharibu."