Bilauri Iliyovunjwa Mguu

Kila Pasaka wapenzi wa michezo ya kuigiza hadithi hujazana katika shule moja ya mji wa Aarhus na kulala madarasani kwenye magodoro ya kupuliza. Mwaka mmoja, kwenye foleni ya kahawa, Bolette, mwenye koti la mvua la manjano, aligeuka ghafla na kummwagia kijana mmoja kikombe kizima kifuani.

"Samahani! Umeungua?"

"Nimekufa," alisema kijana, jina lake Asger, akishika upanga wake wa mbao. "Na nilikuwa nimebakiza uhai mmoja tu."

"Basi anguka pembeni, foleni inasogea."

Kufikia kiangazi kila mmoja alikuwa na ufunguo wa nyumba ya mwenzake.

Asger ndiye aliyekuwa msimulizi. Alibuni nchi, na kila Alhamisi marafiki wakaishi humo kwa dadu na maneno, wakiizunguka meza ya jikoni kwake. Lakini hakupenda kubuni kutoka hewani. "Uongo mtupu hauna harufu," alisema. "Chukua jambo lililotokea kweli, ulipinde kidogo. Hapo mtu anaingia mzimamzima." Kwa hiyo alishinda maktaba, akisoma habari za mizimu na sheria za kale.

Alhamisi moja ya Novemba wachezaji walifika katika nyumba ya wageni, kwenye nyika ya kubuni. Bolette aliigiza mwanamke mchuna farasi. Asger, kwa sauti ya mwenye nyumba, aliwawekea wengine bilauri nzima, na mbele ya Bolette akaweka bilauri ya kweli iliyovunjwa mguu.

"Ukoo wenu hunywea hii," alinguruma. "Isije ikachanganyika na za watu."

Marafiki walishangilia. Bolette aliishika tu, maana isingesimama mezani. Kisha akamwaga kinywaji chake kwenye sinki, akachukua koti, akatoka.

Miezi tisa nyuma, Februari, bibi yake alikuwa amemnong'oneza hospitalini kwamba ukoo wao ulikuwa wa watu wa usiku, wale wa nyika ya Jutland waliochuna farasi waliokufa na kutengwa na kila mtu. "Usimwambie yeyote," alisema. Baada ya wiki akafa. Bolette hakumwambia yeyote. Asger alijua tu kwamba bibi alitoka nyikani, na Asger ni mtu wa kuchimba habari.

Sasa, usiku ule wa Novemba, simu ya Bolette iliita mpaka akachoka kuikata.

"Bole, nimefanya nini?"

"Umemfukua bibi yangu! Umemweka mezani watu wamcheke."

"Bibi yako? Ile bilauri nimeisoma tu vitabuni..." Kisha akauliza taratibu, "Alikuwa mmoja wao?"

"Hukujua?"

"Wallahi sikujua. Uko wapi?"

"Stesheni. Usije."

Alikuja, kwa baiskeli, mvuani, bila kofia, miguuni soksi tupu.

"Viatu viko wapi, wewe?"

"Sijui. Sikiliza. Hata kama asingekuwa bibi yako, nilikosea. Nimesoma mapadri na mahakimu walivyowaandika watu wa usiku, nikadhani nimewajua. Sikujiuliza wao nyumbani kwao walisema nini."

Bolette alimtazama maji ya mvua yakimtiririka puani. Akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja.

"Waliwacheka wakulima," alisema. "Walikuwa na lugha yao. Bibi alijua matusi mawili."

"Nifundishe."

"Utayatumia Alhamisi."

"Mpaka uniruhusu. Nchi ile nitaifuta."

"Usiifute. Alhamisi nasimulia mimi, na wewe utaigiza farasi."

"Mzima au aliyekufa?"

"Nitaamua."

Walitembea wakiikokota baiskeli. Penye daraja Asger alisimama.

"Bibi yako kabla hajaolewa aliitwaje?"

"Kwa nini?"

"Tukioana, mmoja wetu anaweza kuchukua jina la mwenzake. Mimi nalitaka hilo lake."

"Unanichumbia bila viatu?"

"Ndivyo nilivyo leo, mpenzi."

Jina hilo bibi alilificha miaka yote, mpaka siku ile hospitalini. Hata kwenye kaburi halipo. Bolette alilitamka mara ya kwanza kwa kunong'ona.

"Langmose."

Kisha akalirudia kwa nguvu, mpaka mzee aliyepita na mbwa wake akageuka, akadhani ameitwa.

"Ndiyo," Bolette alimwambia Asger. "Chukua."