Kisu cha Bourtzi

Kofia tu. Mtalii alisahau kofia ya mwanawe ndani ya Bourtzi, ngome iliyo kisiwani mbele ya bandari yetu ya Nafplio, na jua lilikuwa linazama. Mimi ningemwacha anunue nyingine. Lakini kaka yangu Anestis, mwenye mashua ya kuvusha wageni, hajui kumkatalia mtu.

"Twende, Popi. Mtoto analia yule."

"Jumapili unaoa. Ukishikwa na mafua, shauri yako."

Tukavuka. Kofia tuliikuta mlangoni, na tungegeuka hapo hapo. Lakini kutoka mnarani ikashuka harufu... ya mkate wa moto.

Bourtzi haina tanuri. Haina hata mkazi.

"Kuna mtu?" Anestis akaita.

"Karibuni, wanangu."

Mzee alikuwa ameketi dirishani, mkate mapajani, anaukata kwa kisu kipana. Chumba kilikuwa kitupu. Baridi yake ilinipanda miguuni. Akamnyooshea Anestis kisu, mpini mbele.

"Jikatie, umkatie na dada yako."

Kwetu kisu hakipokewi mkono kwa mkono. Hata mama akimenya viazi hukiweka mezani kwanza, ndipo nikichukue. Asiyejua hilo hakulelewa.

"Kiweke chini, mzee," Anestis akacheka. "Tusije tukagombana bure."

"Mgongo, mwanangu. Siwezi kuinama."

Mzee akakisogeza kisu karibu zaidi. Nikamvuta Anestis shati.

"Usipokee," nikanong'ona. "Twende zetu, bwana."

"Mtu mzima huyu, Popi. Aibu."

Akapokea.

Mzee akashusha pumzi ndefu... Akaigeuzageuza mikono yake mitupu, machozi yakamtoka. "Nisamehe," akasema, akatupita kwenye ngazi. Tulipofika chini hapakuwa na mtu, wala mashua nyingine.

Na vidole vya Anestis havikufunguka.

Bibi yetu alipokiona kile kisu alifanya ishara ya msalaba. Zamani, alisema, wakata vichwa wa gereza la Palamidi, kule mlimani, waliishi Bourtzi kwa sababu mji haukutaka walale ndani yake. Wenyewe walikuwa wafungwa, waliokubali kazi ile ili shingo zao zipone.

"Wa mwisho sijui alimwachia nani kisu chake," akasema. Zaidi ya hapo hakujua.

Daktari alijaribu kumfungua vidole, akatoka chumbani ameloa jasho, hakurudi tena. Muuza kahawa alivunja kikombe alichonywea Anestis. Areti, mchumba wake, alirudisha pete huku analia, na alipoulizwa sababu hakuijua. Basi kaka yangu, aliyekuwa akiona huruma hata kuchinja kuku, akahamia kisiwani. Nilimlilia kama maiti.

Kila jioni nilimpelekea kapu la chakula. Kila jioni maneno yalikuwa yale yale.

"Dada, nishikie kidogo tu. Mkono umechoka."

"Weka chini, Anestis."

"Hakiwekeki."

Nilikuwa nikirudi na mikono yangu nimeificha kwapani. Niliogopa kwamba siku moja itanyooka yenyewe.

Jana mama alichukua kapu mwenyewe.

"Akikuomba, mama, ukatae," nikamwambia.

"Mwanangu, yule nimemlisha kwa mkono huu," akajibu, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda.

Giza likaingia. Mlango ukabishwa...

Anestis. Mikono mitupu.

"Haki ya Mungu nilimkataza, Popi! Alinifungua vidole kimoja kimoja, kama nilipokuwa mdogo."

Nikamwekea mkate mezani, na kisu kando yake. Hakuna aliyekigusa. Kupitia dirishani, kutoka upande wa ngome, ikaingia harufu ya mkate wa moto. Niliijua. Mkate wa mama.

Anestis naye aliisikia. Akauinamia mkate wetu, hakuumega.

"Mama ana baridi yabisi," akanong'ona. "Mkono wake hautakivumilia."

Nikautazama wangu.