Kila Mara Nilisingizia Kinini

Nina miaka arobaini na moja, nauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Baraka. Ukija kununua, simama kulia kwangu. Ukisimama kushoto utabembeleza bei peke yako... sikio hilo lilikufa.

Lilikufa kwa kofi. Ugali ulichelewa, mume wangu akanipiga, sikio likaanza kuvuma bila kunyamaza. Siku ya tatu likatoa usaha wenye damu.

Huku kwetu kila mtu anajua kwamba kinini, ile dawa ya malaria, huvumisha masikio. Basi nikapata pa kujificha. Jirani akiuliza mbona simsikii, namjibu nimekunywa kinini. Mama mkwe, kinini. Hata muuguzi nilimwambia hivyohivyo, akasema litapita lenyewe. Angejuaje, maskini?

Kila nilipopigwa, nikaugua malaria. Majirani wakanitania kwamba mbu wa Baraka wananipenda mimi tu, nami nikacheka nao... Mficha uchi hazai, wazee walisema. Mimi nilificha mwaka mzima.

Nilipochoka kabisa, nikarudi kituo cha afya na kusema kweli. Muuguzi alimulika ndani akatikisa kichwa. Ngozi ya ndani ya sikio ilikuwa imechanika zamani, na usaha ulikuwa umekula mpaka ndani. Nilichukua watoto nikaenda kwa kaka yangu. Miaka ikapita, nikadhani yameisha.

Mwezi uliopita binti yangu Neema, aliyeolewa kule Nundu, alikuja kunisalimia sokoni na mtoto mgongoni. Nikamwita mara mbili. Akageuka polepole, akanipa sikio la kulia... kama ninavyofanya mimi.

"Neema, ile sikio iko na nini?"

"Iko tu juu ya kinini, mama. Nilikuwa na malaria."

Siku niliposema uongo ule mara ya kwanza, Neema alikuwa na miaka minane, amesimama mlangoni. Nani mwingine alimfundisha?

Sikubishana naye. Nilifunika ndagala zangu, tukapanda pikipiki mpaka kituo cha afya. Neema alipofungua mdomo, nikamtangulia kumwambia muuguzi.

"Bwana yake alimupiga."

Neema alilia sana. Lakini jeraha lake ni bichi, wanasema litapona. Sasa analala kwangu.

Bamama wenzangu, nimechoka, sina mengi. Ukipigwa, sema umepigwa, na useme mapema. Usiseme mlango, usiseme jiwe, usiseme kinini. Mtoto wako ana masikio mazima, na anakusikiliza.