Paswadi Mpya ya Mama Vivian

Haya yalimpata rafiki yangu Asenath, anayekaa mtaa wa Huruma, orofa ya nne. Wezi walivunja mlango wake mchana, akiwa kliniki na mtoto wake Vivian. Walibeba mtungi wa gesi, lakini kompyuta waliiacha ikiwaka, na barua za siri anazochapia ofisi moja zikiwa wazi. Mkubwa wake alimwambia, "Zikifunguliwa tena, usirudi kazini." Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha Vivian.

Ooko, fundi wa kompyuta, alipofika alishika kiuno. "Mama Vivian! Paswadi ya waifai umeiandika ukutani kama tangazo la kanisa?"

"Majirani walikuwa wakiniuliza kila saa," alijibu akiinamisha kichwa.

Waliusugua ukuta. Ooko akaisafisha kompyuta, akazifungia simu zote nje ya waifai, kisha akageuka. "Andika mpya. Hata mimi usiniambie."

Asenath aliandika herufi na tarakimu zilizomjia tu kichwani. Ooko alipoondoka, alitia kufuli mbili, akaingia chumbani kuchungulia chini ya kitanda alicholalia Vivian, akarudi mezani sebuleni.

Sebule ile haina dirisha. Aliketi gizani akiutazama mwanga wa kompyuta, akimwomba Mungu isimponyoke kazi. Mfereji ulidondosha maji, tone, tone. Kwenye orodha ya kompyuta na simu zilizoshika waifai kulikuwa na kompyuta yake peke yake.

Mara zikawa mbili.

"Imeshika, Mama Vivian," sauti ya mtu mzima asiyemjua ilisema kwa adabu kutoka chumbani alimolala Vivian. "Asante."

Kisha Vivian akacheka, kama mtoto anayerushwa juu na kudakwa.