Uji wa Kitanda cha Kumi na Moja

Nyinyi wenye watoto, sogeeni karibu. Na kama kuna aliyebandika sufuria, apunguze moto kwanza, maana sitaki wali uungue halafu nisingiziwe mimi.

Kulikuwa na nyumba moja ya vyumba viwili, jiko lake limeingia moshi hadi darini. Ungeipita saa moja jioni ungetamani wakukaribishe. Mkeka umetandikwa, wali uko katikati, maharage yanatoa mvuke. Mama amekaa upande wa mlango wa jikoni. Binti mkubwa, miaka kumi na miwili, amekunja miguu. Mdogo wake wa miaka sita, mwenye mashavu ya kufutuka hadi akaitwa Kipipa, ameshameza mate mara tatu. Hakuna aliyegusa kitu. Wanamsubiri baba aonje.

Baba huyo alikuwa mpishi mkuu wa hospitali. Wagonjwa mia tatu walikula kwa mkono wake kila siku, na kijiko chake cha kuonjea hakikutoka mfukoni mwa shati. Mtaa mzima ulimwita Kijiko. Nyumbani kwake kulikuwa na sheria: mkono hauendi mdomoni kabla yeye hajaonja. Anachota kidogo, anafumba macho, anatafuna polepole kama hakimu anayepitia jalada la kesi. Kisha anatoa hukumu: "Chumvi imejificha." Au: "Hivi vitunguu vilikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Akishaitikia kwa kichwa, ndipo watu wanakula.

Jioni moja Kipipa alishindwa kuvumilia, akadokoa punje za wali. Kijiko akamdaka mkono ukiwa hewani.

"Weka chini! Hujui kwamba chakula ambacho baba hajakionja kina sumu? Ukikila unalala, huamki tena."

Akacheka. Mama akacheka. Binti mkubwa naye akacheka. Kipipa hakucheka. Alizirudisha zile punje kwenye sinia, moja moja.

Msinikodolee macho. Nani hapa hajawahi kumtisha mtoto kwa zimwi ili anyamaze? Tunatisha, tunacheka, tunasahau. Mtoto hasahau.

Sasa, yule mama alikuwa na siri yake. Kwa kuwa Kijiko alichelewa kurudi mara nyingi, alizoea kuchota chakula cha moto sufuriani na kula akiwa amesimama, huku akimkonyeza Kipipa: "Usinichongee kwa baba yako." Kipipa hakumchongea. Wiki tatu baada ya jioni ile, homa kali ilimwangusha mama kitandani. Siku ya nne alilala, hakuamka.

Baada ya mazishi nyumba ilimshinda Kijiko. Alikuwa akisikia mwiko ukikwangua sufuria vilevile alivyokwangua marehemu, mara mbili kisha kimya, na moyo unamruka. Akichungulia jikoni anamkuta bintiye mkubwa, amejifunga nguo ya mama yake, anageuza wali. Hakuweza kulitazama jambo hilo kila siku. Akaomba zamu za ziada kazini, na kila aliporudi alikuwa ameshiba kwa kuonja.

"Baba, onja basi kidogo," binti alimwambia.

"Mwanangu, leo nimeonja masufuria sita. Nimejaa hadi kooni. Kuleni tu."

Binti alikula. Kipipa alitengeneza vilima kwenye sahani, akavibomoa, akavitengeneza tena. Asubuhi dada mtu alikuta wali ndani ya foronya. Siku nyingine aliukuta ndani ya viatu vya shule.

"Baba, Kipipa hali."

"Njaa ikimkolea atakula. Mpishi habembelezi mteja."

"Baba, anakula ndizi tu. Ndizi na machungwa."

"Ana bahati. Matunda yanaleta afya."

Kilichompumbaza Kijiko ni siku zake za mapumziko. Siku hizo alikaa mkekani, akaonja, na Kipipa alifakamia chakula hadi akatapika. Kijiko akapiga goti lake kwa furaha. "Si huyu hapa, anakula kama mchimba visima! Halafu mnaniambia hali." Na siku za mapumziko zenyewe zilikuja mara moja kwa wiki mbili.

Shule zilipofungwa, mama mdogo wa watoto, yaani mdogo wake marehemu, alikuja kumchukua Kipipa akakae naye kidogo. Jioni ya kwanza alimvua nguo ili amwogeshe. Alimtazama mbavu, akamfunika kwa taulo, akamkimbiza hospitali usiku uleule. Hakumpigia simu shemeji yake. "Siku akimtafuta mwanawe," alisema moyoni, "atamwona."

Siku ya kwanza Kijiko hakupiga simu. Wala ya pili.

Huko jikoni hospitalini, Kijiko alipokea karatasi kutoka wodi ya watoto: kitanda namba kumi na moja, mtoto amekonda sana, apewe uji wa maziwa kidogo kidogo, kila baada ya saa tatu. Kazi hiyo hakumwachia msaidizi. Alichuja maziwa mwenyewe, akakoroga mwenyewe, jasho likimtiririka.

"Hivi baba wa mtoto huyu yuko wapi?" aliwauliza wenzake. "Watu wanazaa, halafu wanapotea. Mtoto anaishia kuwa mifupa, na baba ana tumbo!"

"Sema usikike, mzee," msaidizi mmoja alimchochea.

Kikombe kilirudi kimejaa, uji umeshika utando juu. Akapika mwingine. Ukarudi. Akapika wa tatu, akaongeza sukari kiduchu, nao ukarudi.

"Labda haukukolea, mzee," yule msaidizi alitania.

"Huu? Uji wangu mimi?" Kijiko alikipangusa kikombe kwa ncha ya aproni. "Nipisheni. Naupeleka mwenyewe, nikamwone huyo mteja anayenifukuzisha kazi."

Alipanda ngazi kifua mbele. Muuguzi alimpokea mlangoni.

"Afadhali umekuja, mpishi. Mtoto huyu ametushinda. Ukimpelekea kijiko anaziba mdomo kwa mikono miwili. Ana swali moja tu tangu aletwe."

"Anauliza nini, sista?"

"Anauliza: 'Baba ameonja?'"

Kijiko alitazama nyuma ya bega la muuguzi, akaona kitanda, na juu ya kitanda macho mawili makubwa yaliyokosa uso wa kukalia. Alitafuta mashavu, hakuyaona. Mwanamke aliyekuwa kwenye kigoda akasimama.

"Karibu, shemeji," mama mdogo alisema. "Leo siku ya tano. Simu yangu nilikuwa nimeishika tu, nikingoja umuulizie mwanao."

Kijiko alipiga magoti kando ya kitanda.

"Umekuja kuonja?" Kipipa alinong'ona.

"Nimekuja, mwanangu."

"Kweli? Mama hakukungoja. Alikula kabla yako, jikoni. Mimi nilimwona." "Sikusema. Ningekuambia angeamka?"

Wodi nzima ilikuwa na kelele za watoto, lakini Kijiko alizisikia kama zinatoka chini ya maji. Alikumbuka mkeka. Alikumbuka mkono mdogo hewani na kicheko chake mwenyewe. Akachota uji, akaula. Akachota tena, akaula. Kipipa hakuangalia kikombe, alikiangalia kifua cha baba yake, kikipanda na kushuka. Alikiangalia muda mrefu mno. Kisha akafungua mdomo.

Kijiko aliacha zamu za ziada. Siku hizi anaingia kazini alfajiri, na jioni yeye ndiye anayepika nyumbani, binti mkubwa anasoma vitabu vyake. Sheria ya kuonja aliifuta. Alimweleza Kipipa kwamba mama aliuawa na homa, kwamba sumu haikuwapo, kwamba yale yalikuwa maneno ya kipuuzi ya baba. Akamleta na daktari aseme yaleyale. Kipipa aliitikia kwa kichwa: ameelewa. Anakula. Mashavu yanarudi taratibu.

Lakini siku moja ya mapumziko, baada ya chakula cha mchana, Kijiko alisinzia kwenye kiti. Akahisi kitu puani. Alifumbua jicho nusu, akaona kidole cha Kipipa kimenyooshwa chini ya pua yake, na midomo ya mtoto ikihesabu pumzi. Akalifumba tena, akapumua kwa nguvu ili zisikike. Kipipa aliporidhika alikwenda zake jikoni, dada yake alikokuwa akiosha vyombo.

"Dada, pumua nione."

Dada hakugeuka hata kidogo. Alimpulizia usoni, akaendelea kusugua sufuria, kama mtu anayeombwa jambo hilo kila siku.

FUNZO

Wazazi wenzangu, na hasa sisi akina baba, tusitie hofu kwenye chakula cha mtoto ili tupate heshima mezani. Sisi tunafanya utani, mtoto anaujengea nyumba na kuishi humo. Mtoto akikataa kula, usiiachie njaa ndiyo imuulize. Keti chini umuulize wewe, na umngoje ajibu. Mtoto mkubwa akikuletea habari za mdogo wake, acha mzaha, simama ukatazame. Na kufiwa kusitufanye tuikimbie nyumba yenye watoto, kwani nao wamefiwa, na hawana zamu ya ziada ya kukimbilia. Kijiko alilisha watu mia tatu kwa siku, na alimlaani baba asiyemjua huku akimkorogea uji mwanawe mwenyewe. Leo jioni, kabla hujauliza chumvi iko wapi, mtazame kila aliyekaa mkekani, uone kama anakula.