Shahidi wa Kumi na Saba

"Wewe mwanamke, mume wangu unamtakia nini?"

Nasikia anapumua tu.

"Si naongea na wewe? Ukimtumia ujumbe mwingine nitakufuata hapo ulipo nikushone huo mdomo. Mimi ni fundi cherehani, sitanii."

Akakata.

Nikairudisha simu ya mume wangu mezani, nikajiona shujaa. Mwenyewe yuko bafuni anaoga na kuimba, hajui kazi nimeshaimaliza.

Wivu ninao, sikatai. Ila na hiyo kazi yake nayo! Yuko kwenye nyumba ya kumbukumbu, wanapohifadhi ushahidi wa watu walioteswa, waliofungwa bila kesi, waliochukuliwa wasirudi. Barua, picha, kanda za sauti, vyote vinapitia mikononi mwake mpaka wenzake wanamwita Makabrasha. Kazi ya maana, ila siri zake zimezidi. Shahidi akifika hupewa namba badala ya jina, na laini ya simu ya ofisi ili asifuatiliwe. Anayemsikiliza hana ruhusa ya kumtaja, hata kwa mkewe.

Sasa kwenye simu yake kulikuwa na mtu anaitwa Kumi na Saba. Miezi sita hiyo. Nikafungua.

"Leo nimeshindwa kuja. Nililia njia nzima nikarudi."

"Usijilazimishe. Ukija nitakaa na wewe mpaka umalize."

"Mkeo asijue. Itamuumiza."

"Sitamwambia mpaka wewe mwenyewe uwe tayari."

Wewe ungefanyaje? Mimi nilipiga.

Jioni akarudi amenywea. Nikamuuliza ana nini, akasema shahidi wake amejitoa, kazi ya miezi sita imekwenda na maji, na tume inayochunguza mateso hayo inafunga kupokea ushahidi Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nikamtazama anavyoumia nikazidi kuchemka. Mwanamume anamlilia hawara mbele ya mkewe!

"Unampenda sana huyo Kumi na Saba, eh?"

Akaacha kuvua viatu.

"Umesoma simu yangu."

"Nimesoma, nimepiga, na vidonge vyake nimempa."

Nilitegemea afoke. Hakufoka. Alikaa chini sakafuni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Fundi, hujui ulichofanya."

"Nieleze. Ni nani?"

"Siwezi."

"Utaje jina lake sasa hivi, au nahamia kwa mama."

Alinitazama, macho yamejaa machozi.

"Siwezi kumtaja."

Nikafunga begi. Miaka minane ya ndoa iliingia kwenye begi moja, na zipu ikafunga bila shida.

Mama alinifungulia mlango macho yamevimba. Nikadhani ni mafua. Nilipomweleza, badala ya kunipa pole akaniambia nirudi kwa mume wangu, eti hana mwanamke yeyote.

"Mama, wewe ndiye wa kuniambia hivyo? Wewe?"

Maana wivu wangu nilifundishwa na yeye. Nilipokuwa na miaka sita baba alitoweka, na mama akatukalisha mimi na kaka yangu akatueleza: baba yenu amefuata mwanamke mwenye jino la dhahabu. Nikakua namchukia huyo mwanamke kuliko ugonjwa. Hata dukani kwangu kuna mteja ana jino la dhahabu, ameleta kitambaa mara tatu, mara zote nimemwambia cherehani imeharibika.

Nikamkumbusha mama hayo yote. Alikumbatia mto wake mwekundu, ule ambao tangu nijue kushona hajaniruhusu niufumue wala kuubadilisha foronya, akaingia chumbani.

Asubuhi nikakuta ameshatoka. Mto uko kitandani, umechanwa kwa wembe, sufi imetapakaa hadi mlangoni. Sikuelewa, wala sikutaka kuelewa. Kichwani nilikuwa na jambo moja: niende ofisini kwa mume wangu, nimkute naye, yaishe.

Na kweli nilimkuta. Nyuma ya kioo cha chumba cha kusikilizia, kinasa sauti kiko mezani, mume wangu amevaa glovu nyeupe na ameinama kumsogelea mwanamke aliyenipa mgongo, kajitanda khanga hadi kichwani. Nikasukuma mlango.

"Ndiye huyu?"

Mume wangu alisimama katikati yetu. Akamgeukia yule mwanamke.

"Shahidi, unamruhusu huyu mtu akae humu?"

Huyu mtu! Mimi, mkewe!

"Mwache akae," sauti ikasema. "Yeye ndiye niliyekuwa namkimbia."

Akageuka. Alikuwa mama.

Mama akanivutia kiti.

"Jana ulinitukana vizuri sana," akasema. "Sauti niliijua tangu neno la kwanza."

Mezani, mbele ya mume wangu, kulikuwa na kipande cha pakiti ya majani ya chai, kimekunjwa mpaka kimekuwa laini kama kitambaa. Mwandiko ulikuwa wa baba. *Nipo hai. Watunze watoto. Nitarudi.*

Baba alikuwa mchapaji. Alichapa karatasi za wafanyakazi waliogoma, wakaja wanaume watatu na gari, wakamchukua akiwa bado na wino vidoleni. Wiki moja baadaye askari mmoja mwenye huruma akaleta hicho kipande. Baada ya hapo, hakuna kilichokuja tena. Mama alikishonea ndani ya mto akalala juu yake miaka ishirini na nne.

"Waliniambia nikifungua mdomo wanafuata watoto. Na wewe mdomo wako haukuwa na breki, ungemuuliza kila mtu baba yuko wapi. Nikatafuta uongo ambao hata ukiusema shuleni, watu watacheka tu."

"Na yule mwanamke wa jino la dhahabu?"

"Nilimtunga. Hata jino nilimwekea mimi."

Nililia kwa sauti, sikuona aibu. Nilimlilia baba, ambaye nilimtukana moyoni miaka yote hiyo naye hakuniacha.

Mume wangu alisubiri nitulie, kisha akaendelea na kazi, kwa sababu kesho yake ilikuwa Ijumaa. Akamsomea mama fomu ahakikishe. Alipofika kwenye hali ya ndoa, akasoma: "Ameachwa."

"Futa," mama akasema. "Andika nimeolewa."

Utaratibu wao unataka msikilizaji wa pili atie sahihi. Mama akaninyooshea kalamu mimi.

Nje nilimshika mume wangu mkono. Nikamwambia nisamehe, nilikuwa tayari kukuacha kwa kosa ambalo hukulifanya.

"Na ungeondoka kweli?"

"Kweli."

"Na mimi nisingesema." Akafuta uso kwa kiganja. "Twende nyumbani, Fundi. Ila simu yangu usiiguse tena."

"Siigusi."

"Utaigusa."

"Kidogo tu."

Jumamosi nilifungua duka mapema. Simu ya kwanza niliyopiga ilikuwa kwa yule mteja. Nikamwambia cherehani imepona, alete kitambaa chake, na kushona ni bure.

Akacheka, na mimi nikamsikiliza anavyocheka mpaka akamaliza.